Mume wangu kala urojo Forodhani na wageni, miye kanambia yuko hitmani

Assalaam alaykum Shangazi,

Nakuandikia sasa hivi saa tisa na robo za usiku, baba watoto anakoroma hapa ubavuni na miye usingizi umeniruka tokea juzi. Naandika chini ya shuka mwanga usimwamshe, kwa hiyo nikichanganya mambo nisamehe.

Wageni wetu wa chumba cha juu unawajua ni wa namna gani, wale wanaozunguka dunia mwaka mzima na mabegi mgongoni. Hawa ni mtu na mkewe, wametoka kwao Ureno mwaka jana, wamepita Uturuki, wamepita Misri na Kenya ndo wakafika kwetu, wiki ya tatu hii. Matajiri sio. Mke alinambia walipoingia tu viza dola 50 na ile bima dola 44, kila mmoja, yaani karibu dola mia mbili zishatoka hata andazi hawajala, basi tokea siku ile kila wanachotumia wanakiandika kwenye daftari. Daftari la skuli hili hili letu, lenye jedwali la kuzidisha nyuma.

Sasa Jumatatu niliwaangalia siku nzima, sikukusudia, nilikuwa uani nachoma mikate yangu ya oda. Waliamka saa tatu. Wakateremka na shuka zao wakafua wenyewe, mume kashika ncha hii mke kashika ncha ile wanakamua, maji yanawamwagikia miguuni, wanacheka. Wakenda Darajani kwa miguu wakarudi na embe boribo tatu na boflo moja wakala pale pale kwenye ngazi. Mchana wakalala. Alasiri wakapanda gari 502 wakashuka Bububu, wakakaa pwani kwenye mchanga, hawakukodi kiti wala nini. Magharibi wakawa Forodhani, ile bustani ya pwani hapa mjini, wanatazama wale watoto wanavyokimbia na kujirusha baharini. Wakanunua urojo bakuli moja vijiko viwili.

Yule mama mgeni alinifungulia daftari usiku. Siku nzima, watu wawili, 14,500. Shangazi hiyo ni samaki na mkaa wetu wa siku moja tu.

Hivi vijiko viwili ndo vimenikaa hapa kifuani.

Bwana wangu ni dereva wa watalii. Kazi yake ndo kutembeza watu. Anawapeleka Jozani kuona kima punju, anawapeleka Kizimkazi kwenye pomboo, Nungwi wakaone jua linavyozama, barabara zote za kisiwa hiki anazijua hata macho ukimfumba. Miye miaka 12 tokea nitoke Wete, Pemba, kuja kuolewa, watoto watatu, kisiwa cha Changuu nakiona kule mbali tu kama kinavyoonekana na kila mtu. Sijawahi kukaa naye Forodhani sisi wawili. Hata mara moja. Sikukuu ananipa pesa niwapeleke watoto Mnazi Mmoja, yeye yuko kazini maana sikukuu ndo wageni wengi, na hilo silikatai, pesa ndo zinalisha nyumba.

Jumatatu hiyo hiyo usiku nikamwambia kwa upole, wallahi kwa upole, nikamwambia na sisi siku moja tukanunue urojo tukakae. Akanijibu, wewe Forodhani ukatazame nini? Akageuka ubavu. Akasema tena yuko ubavuni, wale hawana watoto hawana kazi usijilinganishe nao.

Mimi ningeliacha hapo. Nilishaliacha, nilijiambia maneno yake yana ukweli, kaskazi hii anatoka alfajiri anarudi saa nne za usiku mgongo unamuuma, mtu kama huyu Forodhani ni kama kumrejesha kazini. Nikamsamehe moyoni.

Alkhamisi baada ya magharibi akanambia anakwenda hitmani Kwamtipura, rafiki yake kafiwa na mama. Nikampigia pasi kanzu mwenyewe, nikamtafutia na kofia. Akarudi saa tano, nikamuuliza hitma ilikuwaje, akasema watu walikuwa wengi.

Ijumaa asubuhi yule mama akanionesha picha kwenye simu yake, kwa furaha zake maskini hajui kitu. Forodhani. Kanzu ile ile na mistari ya pasi yangu mkononi inaonekana, kashika bakuli, kacheka mpaka jino lake la pembeni la juu linaonekana, jino ambalo nyumbani sikumbuki lini nimeliona. Mgeni akanambia tuliwaalika nyinyi wawili, mumeo akasema wewe unaumwa kichwa umelala. Miye kichwa! Nilikuwa jikoni nasugua sufuria. Na hitma ya mama wa watu, anaisingizia hitma, Shangazi hilo peke yake silijui nilipeleke wapi.

Sijamwambia kama nimeona. Leo siku ya tatu. Nampakulia, namwitikia, namjazia maji ya kuoga.

Nimemgusia wifi yangu kidogo tu, akasema nishukuru, wenzangu waume zao wana wake wa pili na nyumba za siri, wangu kaenda kula urojo nalia. Mama mkwe kasikia kasema naiga wazungu. Siigi mtu. Sitaki kushikwa mkono barabarani, nina stara zangu na nina baibui langu. Sitaki hoteli, sitaki dhahabu. Yule mgeni wala simuonei wivu, mtu mzuri, ananisaidia hata kumenya nazi ingawa hajui. Na mume wangu si mbaya, andika hilo, hanipigi, ada za skuli analipa, mama yangu alipolazwa alituma pesa bila ya kuombwa. Ndo maana nashindwa kulieleza likaeleweka. Angekuwa mbaya ningesema ni mbaya basi. Lakini kumbe kucheka anakujua, kukaa anakujua, muda anao. Ila si na miye.

Na sasa hata akisema twende sitaki tena. Itakuwa nimeomba. Kijiko cha kuomba nikale nacho nini.

Sasa kuna jambo jengine ambalo sijamwambia mtu. Mchezo wetu wa kuchangiana pesa wa mtaani zamu yangu imefika wiki iliyopita, nimepokea laki sita. Yeye anajua hizo ni za bati za nyumba yetu ya Fuoni, kuta zimesimama zishanyeshewa masika mbili, na miye mwenyewe ndo niliyesema ziwe za bati. Jana nikatoka nikasema nakwenda sokoni, nikenda bandarini nikakata tiketi za boti ya Pemba. Pesa ni zangu, za mikate ya kumimina, jasho langu na moshi wangu, sikuiba. Nimechukua daftari la mwanangu nikaandika kama yule mama anavyoandika, boti, gari kutoka Mkoani mpaka Wete, kulala bure kwa mama, siku moja twende Konde tupite msitu wa Ngezi mpaka Vumawimbi, tuchukue boflo na pweza wa kuchoma kwenye mkoba, tukae mpaka jua lipungue. Vumawimbi mara ya mwisho nilikwenda na skuli niko darasa la sita. Siku tatu zote haifiki hata nusu ya pesa za mchezo. Bati zitabaki, nyingi tu, nimezihesabu mara mbili.

Nimeandika tuchukue, tukae. Naona sasa hivi nikisoma.

Maana tiketi ni mbili Shangazi. Nilikuwa na kopi ya kitambulisho chake kwenye mkoba ile ya benki, kijana wa tiketi akaniuliza jina la pili nikalitaja lake, mdomo ulitangulia. Boti ni Jumatano asubuhi. Watoto watabaki kwa bibi yao. Nimuoneshe tiketi na lile la picha nilimeze, au nimwambie kwanza kama nimemuona na kanzu yangu Forodhani, halafu tiketi nimpe au nisimpe? Au niende na mwanangu mkubwa wa kike nimwachie barua kwenye meza, na yeye abaki ajiulize huko nimekwenda kutazama nini?

Nakuomba unijibu kabla ya Jumatano. Adhana hiyo inaanza na yeye anageuka, naifunga simu.

Miye Mama Watatu,
Unguja Mjini