Gari kongwe iuzwe kwa bei yenye hesabu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi gazetini mwako nizungumzie bei za gari kongwe hapa kwetu Unguja na Pemba, kwa sababu watu wanapoteza mali na hawajui kuwa wanaipoteza. Gari ya aina moja, tuseme Morris Minor, hutajiwa bei mbili zisizokutana hata kidogo. Huyu anaitoa kwa bei ya chuma chakavu, kwa vile imekaa chini ya mwembe miaka kumi na mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki. Yule ameona kwenye simu bei ya mnada wa Uingereza, akazigeuza paundi kuwa shilingi, akasema hiyohiyo. Wa kwanza amejidhulumu, na kama gari ni ya mirathi amewadhulumu na wenziwe. Wa pili gari inamwozea mlangoni, kwani hewa ya bahari haimsubiri mnunuzi.

Kwanza ijulikane gari yenyewe ni ipi. Shirikisho la kimataifa la gari kongwe, FIVA, linahesabu kuwa kongwe gari iliyotimiza miaka 30 au zaidi, iliyohifadhiwa katika hali sahihi ya kihistoria na isiyotumika kuwa usafiri wa kila siku. Kwa hivyo umri peke yake hautoshi. Soma namba ya chesisi, yaani fremu ya chini ya gari, na namba ya injini kwenye gari yenyewe, kisha uzilinganishe na kadi ya usajili. Morris Minor ilianza kutengenezwa 1948, lakini injini zake zilibadilika ukubwa, unaopimwa kwa cc: cc 803 ilikuja 1952, cc 948 ikaja 1956, na cc 1098 ikaja 1962. Anayeuza gari ya 1954 yenye injini ya cc 1098 anauza gari iliyobadilishwa. Huenda ni nzuri zaidi kuendesha, lakini siyo anayoitafuta mkusanyaji wa gari kongwe. Land Rover Series II ni za 1958 hadi 1961, IIA ni 1961 hadi 1971, na Series III ni 1971 hadi 1985. Series III gia zake zote za mbele zina sinkromeshi, kile kifaa kinachofanya gia iingie bila kusaga. Zilizotangulia ni gia ya tatu na ya nne tu, kwa hivyo hata kuiendesha kidogo kunaweza kumfichua aliyeandika mwaka kwa kubahatisha. Volkswagen Beetle namba yake ya chesisi imepigwa kwenye uti wa katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Kama pameliwa na kutu hadi namba haisomeki, bei inashuka hapohapo, maana mnunuzi makini atauliza ni kitu gani anachosajili.

Kadi ikiwa bado ina jina la marehemu, usitaje bei kwa mtu yeyote. Warithi wakubaliane kwanza, na panapohitajika taratibu za mirathi zipitie Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Gari isiyoweza kubadilishwa jina hununuliwa na wale tu wanaotaka kuikata spea, na hao hulipa bei ya spea.

Jambo la pili ni kumjua mnunuzi. Mkulima wa karafuu wa Wete anataka Land Rover itakayopanda njia ya tope na magunia yake. Kwake yeye injini ya dizeli ya Toyota iliyofungwa badala ya ile ya petroli ya cc 2286 ni faida, na yuko tayari kuongeza pesa. Mkusanyaji wa Nairobi au wa London ataiona injini hiyohiyo kuwa ni kasoro na atakata. Mwenye hoteli ya Paje au Nungwi anataka gari ya kupigia picha maharusi na kuwachukua wageni taratibu. Anatazama rangi, viti na nikeli, na anataka iwake kila asubuhi. Gari moja ina bei tatu, na muuzaji achague anamlenga nani kabla hajaandika tangazo.

Aina nyengine zina jina katika eneo letu kuliko kwengine. Peugeot 404 ilishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968; Volkswagen ilishinda 1954, 1957 na 1962. Sifa hiyo huwavutia wanunuzi wa Afrika Mashariki, lakini haiongezi thamani ya chuma kilichooza.

Sasa niiseme kutu, maana visiwani hakuna kinachokula bei kama hiyo. Watu husikia kuwa Land Rover haishiki kutu kwa kuwa bodi ni ya aluminiamu. Bodi ndiyo, lakini chesisi ni ya chuma, tena ni boksi lenye uwazi ndani. Tope na chumvi huingia, hukaa, chuma kikaliwa kutoka ndani huku rangi ya nje ingali nzima. Chukua nyundo ndogo ugonge boriti ya mwisho ya nyuma, mikono ya pembeni inayoshikilia bodi, na pale zinapofungwa springi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya bubu, na bisibisi ikisukumwa inazama. Pale aluminiamu inapokutana na chuma penye unyevu wa chumvi, inayoliwa ni aluminiamu, ndiyo ule unga mweupe unaouona chini ya milango.

Morris Minor huoza chini ya milango, mahali pa kuwekea jeki na zinaposhikwa springi za nyuma. Ile ya Traveller yenye mbao nyuma, mbao zile si pambo, ndizo zinazobeba bodi. Zikioza, hesabu yake ni ya muundo wa gari wala si ya useremala wa urembo. Volkswagen betri imekaa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Inua kiti uitazame sakafu, kwani asidi iliyovuja miaka mingi huiacha kama chekecheo. Chukua pia sumaku ndogo uifunge kitambaa, uipitishe madigadi, milango na chini ya vioo. Isiposhika pahala pa chuma, hapo pamepigwa fila, ule uji mzito wa kuzibia bati, na unene wa fila ndio kipimo cha kazi iliyokimbiwa. Sumaku hii haisaidii kitu kwenye bodi ya Land Rover.

Namsihi muuzaji asipake lami wala rangi nyeusi chini ya gari wiki moja kabla ya kuuza. Mnunuzi anayejua akiikuta rangi mbichi uvunguni hukadiria kuwa kilichofichwa ni kibaya kuliko kilivyo, na hukata zaidi ya gharama halisi. Afadhali kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kupiga picha za kutu kama ilivyo, na kumwonesha mnunuzi picha hizo mwenyewe. Kubainisha kasoro ya bidhaa ni wajibu, na katika biashara hii kuna pesa ndani yake pia.

Upande wa injini, mwite fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Silinda zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Ikiwepo iliyo chini, tia kijiko kimoja cha oili kwenye silinda hiyo upime tena. Ikipanda, ringi au silinda zimelika. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni kubwa, maana valvu ni kazi ya kufungua hedi tu, na ringi ni kuishusha injini. Kwa Morris Minor angalia pia maungio ya chini ya magurudumu ya mbele, yale yenye nyuzi na yanayotaka grisi kila mara. Yakikauka nyuzi hulika, gurudumu likajikunja gari ikiwa njiani. Hilo si la kupunguzia bei. Litengenezwe kabla gari haijatoka kwa majaribio.

Baada ya hapo ndipo ije hesabu. Tafuta gari kama hiyo, yenye hali nzuri na inayotembea, iliyokwisha kuuzwa. Nasema iliyouzwa kwa sababu bei ya tangazo ni matamanio ya mtu, na tangazo lililokaa miezi minane linakuonesha bei iliyokataliwa. Tuseme, kwa mfano tu, umeridhika kuwa nzima inakwenda shilingi 18,000,000. Yako inataka kuchomelewa chini ya milango na penye springi, 2,200,000, rangi, 1,800,000, breki zote, 600,000, mipira ya milango na nikeli, 700,000. Jumla 5,300,000. Ongeza thuluthi moja juu yake, kwa kuwa bati kongwe likishafunguliwa huonesha mengine yaliyojificha, na mnunuzi ndiye atakayeubeba mzigo huo. Inafika kama 7,000,000. Toa kwenye 18,000,000, unabaki na 11,000,000. Hiyo ndiyo bei yako ya kushukia, usiende chini ya hapo. Bei ya kutaja iwe 12,000,000, upate nafasi ya kupatana. Ukitaja 17,000,000 ukitegemea kushuka, watu wenye pesa hawatapiga simu kabisa. Watakaopiga ni wale wanaoanzia nusu kwa kila kitu.

Gharama za makadirio ziandikwe na fundi bodi na fundi breki, kila mmoja kwa karatasi yake, na karatasi hizo ziwepo siku mnunuzi anapokuja. Ndipo mazungumzo yanapohama kutoka "punguza bwana" kwenda kwenye breki na bati.

Wengi huumia hapa: mtu amenunua gari kwa 8,000,000, ametia 15,000,000, anataka 23,000,000 zake zirudi wakati nzima ni 18,000,000. Soko hulipia gari ilivyo leo. Risiti zinathibitisha kazi iliyofanywa, na kwa hilo zina thamani kubwa, lakini haziigeuzi thamani ya gari kuwa jumla yake. Mbaya zaidi ni gari iliyofunguliwa ikaachwa makasha kwa makasha. Hiyo ina bei ndogo kuliko ilivyokuwa kabla haijaguswa, kwani hakuna awezaye kujua ni kipande gani kimepotea. Anayetaka kuuza asifungue kitu asichoweza kukirudisha.

Kuhusu zile bei za Uingereza, ziko mbali na sisi kuliko zinavyoonekana. Bei ya mnada mara nyingi imejumuisha ada ya nyumba ya mnada inayolipwa na mnunuzi, na hiyo haiingii mfukoni mwa muuzaji. Gari yako ipo Mwanakwerekwe au Chake Chake. Mpaka ifike kule kuna kuivusha, meli, bima ya safari, ushuru na ukaguzi. Anayenunua kutoka huko huyatoa yote hayo kwanza, kisha akatoa na hofu yake ya kununua kitu asichokishika. Tunacho kimoja cha kutuinua: sisi twaendesha kushoto na usukani wetu uko kulia, kwa hivyo mnunuzi wa Kenya, Afrika Kusini au Uingereza hana haja ya kuhamisha usukani. Mnunuzi wa Bara naye ana taratibu za forodha na usajili, azijue mwanzo, zisije zikamvunjia mapatano bandarini Malindi, hapa Unguja.

Madalali sina ugomvi nao, wana kazi yao. Lakini gari moja ikipewa madalali watatu, kila mmoja akatia cha juu chake, mnunuzi wa Darajani husikia milioni 12, 14 na 15 kwa siku moja, akaamini gari ina mushkeli. Mpe mmoja, ujira wake muuandike mwanzo, na bei anayoitaja iwe ile unayoijua wewe.

Wiki tatu zikipita hakuna aliyekuja hata kuitazama, bei ndiyo yenye kasoro. Shusha mara moja kwa kiasi kinachoonekana, si laki laki kila Ijumaa. Wakija wengi wakatazama na kuondoka, bei huenda iko sawa, ila tangazo lilisifu kisichokuwepo. Na mtu akitoa arubuni, iandikwe siku ya mwisho ya kumaliza, na kama itarudishwa akighairi au la. Ugomvi mwingi niuonao unaanzia kwenye laki tano zisizo na karatasi.

Ombi langu kwako, Mhariri: matangazo ya gari yanayopitia gazetini mwako yatakiwe kutaja mwaka, cc za injini na kama ndiyo ya asili, hali ya chesisi, na kadi ina jina la nani. Ni mistari miwili tu, na mtu wa Micheweni, Pemba, ataweza kuamua kama nauli ya kuja Unguja inastahiki.

Wako msomaji,
Fundi wa gari kongwe,
Mwanakwerekwe, Unguja