Elimu ya uraia ivuke mipaka ya Afrika Mashariki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ushirikiano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki katika kukuza demokrasia. Mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999 unataja, katika Ibara ya 6, utawala bora, demokrasia na utawala wa sheria kuwa misingi ya Jumuiya. Hata hivyo, ushirikiano ambao mwananchi huuona kwa macho ni ule wa waangalizi wa uchaguzi, ambao hufika wakiwa na fulana zao zenye nembo siku chache kabla ya kura, hutoa taarifa ya awali kwa waandishi wa habari, kisha huondoka.

Muulize dereva wa bodaboda pale Namanga, anayebeba abiria wa nchi mbili kutwa nzima, ni nani anayemwakilisha katika Bunge la Afrika Mashariki. Sitamlaumu akikosa jibu, kwa kuwa wabunge hao, tisa kwa kila nchi, huchaguliwa na mabunge ya kitaifa na wala si kwa kura yake.

Ndiyo maana napendekeza mawaziri wa elimu wa nchi wanachama waandae kwa pamoja kitabu kimoja cha uraia, kwa Kiswahili na Kifaransa pia, kinachoeleza mkataba huo pamoja na haki ya mwananchi kufungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, haki ambayo Ibara ya 30 inampa lakini ambayo, nahisi, hata baadhi ya madiwani wetu hawaijui.

Msomaji wako,
Arusha