Taarifa kwa umma zisitumwe kama picha pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililonikosesha pensheni ya miezi miwili mwaka jana: matangazo yanayotumwa kama picha, ambayo simu yangu haiwezi kunisomea. Naamini linawasumbua wasioona wengi wanaotumia simu janja kama mimi.

Sioni tangu nikiwa na miaka sita, nilipougua surua. Nilisoma kwa nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kupapasa, nikajifunza kazi ya opareta wa simu, nikaifanya miaka 25 katika chumba cha swichibodi cha ofisi moja hapa Morogoro mpaka nilipostaafu. Namba za ndani zaidi ya 200 nilikuwa nazo kichwani, na wapigaji wa kila siku niliwatambua kabla hawajamaliza kusema haloo. Kwa hiyo simu naijua. Ndiyo iliyonilisha na kunisomeshea watoto.

Lakini binti yangu aliponiletea simu ya kupangusa mwaka 2018, niliogopa. Kitochi changu kilikuwa na vitufe, na kwenye namba 5 kuna kinundu kidogo. Ukikipata hicho umezipata namba zote. Hii mpya niliipapasa nikakuta kioo kitupu, laini kama sahani. Nikaifungia kabatini miezi minne.

Aliyeitoa kabatini ni kijana asiyeona mwenzangu, tuliyekutana kwenye mkutano wa chama chetu. Alikuja nyumbani siku mbili mfululizo, tukakaa chini ya mwembe, akanishika kidole cha shahada kama mwalimu wa darasa la kwanza anavyomshika mtoto mkono wa kuandikia. Akanionyesha kwamba sauti ya kusoma skrini imo humo humo ndani ya simu, haiuzwi wala hailipiwi. Kwenye simu za Android inaitwa TalkBack, kwenye iPhone inaitwa VoiceOver, na zote mbili zipo tangu mwaka 2009. Niliposikia hivyo nilinyamaza kwa muda. Miaka tisa ilikuwepo, na hakuna aliyeniambia.

Nieleze kidogo TalkBack ya simu yangu inavyofanya kazi, maana wengi hunisimamisha stendi ya Msamvu kuniuliza. Ukigusa kitu juu ya kioo, simu inakitaja. Ukikitaka, unagusa mara mbili kwa haraka, popote pale kwenye kioo. Ukipangusa kidole kimoja kwenda kulia inakupeleka kwenye kitu kinachofuata, ukipangusa kushoto inakurudisha. Kusogeza ukurasa ni vidole viwili. Kuiwasha, ukishaiweka njia ya mkato, ni kubana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja sekunde tatu. Nami nimeizoesha kusoma kwa kasi. Mke wangu anasema anasikia kama punje za mahindi zinazomwagwa kwenye beseni, lakini mimi nalipata kila neno. Njiani naweka spika ya sikioni upande mmoja tu. Sikio la pili ni la barabara.

Na barua hii naiandika mwenyewe. Simu nimeishika kwa mikono miwili, kioo kikitazama mbele, vidole vitatu vya kushoto na vitatu vya kulia vikiwa juu ya kioo, nabonyeza nukta kama nilivyokuwa nikibonyeza kwenye mashine ya Perkins, ile taipureta ya nukta nundu, nikiwa shule. Nikipangusa kulia inaacha nafasi, nikipangusa kushoto inafuta. Kibodi hiyo ya nukta nundu iliongezwa kwenye TalkBack mwaka 2020, na tangu hapo sijamwomba mtu aniandikie barua.

Anayeona pengine hawezi kupima uzito wa jambo hili. Zamani ujumbe wa fedha ukiingia, ilibidi nimwite mtoto wa jirani anisomee. Maana yake mtaa mzima ulijua nimetumiwa kiasi gani na nani. Nikitaka kutoa fedha, namba yangu ya siri nilimtajia mtu. Sasa salio langu ni langu. Hata gazeti lako nilikuwa nalisikia kwa hisani ya wenye macho pale kijiweni: wanasoma mpira, wanasoma siasa kidogo, wanalikunja. Ukurasa wa barua, ambao ndio niupendao, hakuna aliyekuwa na muda nao. Leo nausoma mwenyewe asubuhi, kabla sijanywa chai.

Sasa nije kwenye lililonileta.

Mwaka jana wastaafu tulitakiwa kwenda kuhakikiwa. Ofisi inayohusika, ambayo sitaitaja, ilitoa tangazo, na tangazo likafika kwenye kundi letu la WhatsApp la wastaafu siku ya Jumatatu usiku. Kwenye simu yangu lilifika hivi: jina la aliyetuma, kisha neno "picha", kisha saa. Basi. Nilirudi juu yake mara tatu, nikasikia yale yale. Chini yake wenzangu wakaandika "tumeipata", "asante kwa taarifa". Siku mbili kabla tulikuwa tumetumiana ratiba ya mazishi ya mwenzetu, nayo ilikuja kama picha vile vile, kwa hiyo nikaamini hii ni ya msiba pia. Nikaandika pole kwa wafiwa. Hakuna aliyenisahihisha, nadhani kila mmoja alijua ninazungumzia ule msiba.

Mwisho wa mwezi ujumbe wa benki haukuingia. Nikasema labda ni kuchelewa. Mwezi wa pili nao haukuingia, nikapanda bodaboda mpaka ofisini. Binti wa dirishani akanisalimia vizuri, shikamoo mzee, akatafuta jina langu, kisha akaniuliza, "Mzee, hukuliona tangazo la uhakiki?" Alipolitamka tu akashtuka mwenyewe, akaniomba radhi. Nikamwambia usijali binti yangu, ila nisomee, linasemaje? Akatoa simu yake akanisomea. Halikuchukua hata dakika moja: tarehe, mahali, nyaraka za kwenda nazo, mwisho ni Ijumaa ya wiki ile ile. Kumbe nililala nalo mfukoni siku zote hizo.

Fedha zangu nilizipata baadaye, baada ya safari tatu za bodaboda na picha mbili za pasipoti. Dawa za presha za mwezi ule nilikopa kwa shemeji.

Ninachotaka wakubwa wetu wakielewe ni hiki. Tangazo lile halikuzaliwa likiwa picha. Katibu muhtasi alikaa mbele ya kompyuta akalichapa, herufi kwa herufi. Wakati ule lilikuwa maneno, na kama angelituma vile vile simu yangu ingelisoma lote. Kisha likachapishwa kwenye karatasi, likasainiwa, likagongwa muhuri, mtu akalipiga picha kwa simu yake, mara nyingi likiwa limepinda na kivuli cha mkono kikiwa juu yake, ndipo likaanza kusambaa. Simu yangu haina cha kusoma pale. Ikikutana na picha inasema "picha", inapita.

Zipo programu zinazojaribu kuyatoa maandishi ndani ya picha, nami ninazo mbili. Kwa karatasi iliyonyooka na yenye mwanga zinanisaidia, na nawashukuru waliozitengeneza. Lakini muhuri ukikaa juu ya tarehe, tarehe imepotea. Nimewahi kusomewa 13 mahali palipoandikwa 18. Katika tangazo, tarehe ndiyo yenyewe. Ukiikosa hiyo umekosa yote.

Nimewauliza viongozi wawili wa mtaa kwa nini wasitume maneno. Wote wawili walinijibu kwamba bila nembo na muhuri watu hawataamini, maana matangazo ya kughushi yamejaa mitandaoni. Hoja hiyo naikubali kabisa. Tumeni picha yenye muhuri, na chini yake bandikeni maneno yale yale mliyoyachapa. Ni kunakili na kubandika, kazi ya sekunde chache. Anayetaka muhuri atautazama, anayetaka maneno atayapata. Na tusioona si sisi peke yetu tutakaofaidika. Mke wangu anaona, ila macho yamechoka, na barua iliyopigwa picha kwenye kioo kidogo anaikuza mpaka mistari inatoka nje ya kioo. Jirani yangu bando lake likikaribia kuisha picha hazifunguki, meseji zinaingia.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 21 ya mkataba huo inazitaka nchi kuwapa watu wenye ulemavu taarifa zilizokusudiwa kwa umma katika namna wanayoweza kuitumia, kwa wakati, na bila gharama ya ziada. Nilipoyasoma maneno hayo "kwa wakati" na "bila gharama ya ziada", nilisimamisha simu nikayarudia. Nilikumbuka ile Ijumaa, na nauli za bodaboda.

Ibara hiyo hiyo inavitaja na vyombo vya habari, vikiwemo vinavyotoa habari kwa njia ya intaneti, kwamba vihimizwe kufanya huduma zao zifikiwe na watu wenye ulemavu. Ndiyo maana nimekuandikia wewe, Ndugu Mhariri, kabla ya kuwaandikia wengine. Habari zako kwenye tovuti nazisoma bila shida, na kwa hilo nashukuru kwa dhati. Lakini kwenye kurasa zenu za mitandao ya kijamii, siku hizi habari kubwa inawekwa kama picha yenye maandishi, na chini yake mnaandika "soma zaidi" na vialama vya kidole kinachoelekeza. Matangazo ya wizara, ratiba za mitihani, tahadhari za mvua, yote picha. Wakati wa mvua kubwa nilisikia "picha" mara saba asubuhi moja, na mimi ninakaa Kihonda, ambako nilitaka kujua barabara ipi inapitika.

Ninaomba mambo mawili tu. Kijana wenu anayeweka picha hizo aandike chini yake maneno yaliyomo, yote, pamoja na tarehe na namba za simu. Na kwenye tovuti, picha ya mtu au tukio iwekewe maelezo mbadala, ile sehemu ambayo mwenye macho haioni lakini simu yangu inaisoma. Sentensi moja inatosha: nani yuko pichani, anafanya nini, wapi. Nimekuwa msikilizaji na msomaji wa gazeti hili kwa zaidi ya miaka 30, na sura ya hata picha moja mliyowahi kuichapa siijui.

Ikiwa utaiona barua hii inafaa, tafadhali isiwekwe mtandaoni kama picha ya ukurasa. Ningependa kuisoma mwenyewe.

Opareta mstaafu,
Kihonda, Morogoro