Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya kazi za chama kila mwaka. Mahudhurio na fedha nitavipita haraka, kwa sababu katibu na mhazini wameviandika vizuri kwenye makabrasha mliyopokea mlangoni, nao watajibu maswali yenu baada yangu. Mimi naomba nizungumzie kazi yenyewe iliyotuleta pamoja: kuishika imani tuliyokabidhiwa na kuwakabidhi wanaokuja ikiwa nzima, haikupunguzwa wala haikuchanganywa.

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 1700 tangu maaskofu walipokutana Nikea mwaka 325. Ndiyo maana kamati iliamua masomo yote ya mwaka yafuate Imani ya Nikea, yaani ungamo la imani lililoanzia mkutano huo, sentensi moja baada ya nyingine. Najua wapo waliochoka. Maneno “aliyezaliwa bila kuumbwa” peke yake yalituchukua miezi miwili, na nilipata malalamiko kwamba tunatembea kama kinyonga. Nimeyapokea, lakini mwendo ule sijutii hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Ario, yule padri wa Aleksandria aliyesababisha mkutano ule, hakuwa mtu wa nje. Alisoma Maandiko yaleyale, alisali katika kanisa lilelile, na alimtukuza Kristo juu ya viumbe vyote. Ila kwake Kristo naye alikuwa kiumbe. “Kulikuwa na wakati ambapo hakuwapo,” ndivyo walivyosema watu wake. Chini ya maneno hayo palikuwa na wazo la wanafalsafa kwamba Mungu yuko mbali mno na ulimwengu, hata hawezi kumshirikisha yeyote uungu wake. Wazo likakalia kiti cha hakimu, Injili ikasimamishwa mbele yake kama mshtakiwa. Athanasio, shemasi wa Aleksandria aliyekuwapo mkutanoni, anasimulia kwamba kila usemi wa Maandiko ulioletwa mezani, upande wa Ario uliukubali kisha ukaupa maana yake wenyewe. Hapo ndipo maaskofu walipochukua neno la Kigiriki lisilokuwamo katika Biblia, homoousios, yaani mwenye asili moja na Baba, ili kuilinda maana ya Biblia yenyewe.

Na mambo hayakuishia pale. Athanasio alipokuwa askofu wa Aleksandria alifukuzwa mjini mara tano, akaishi uhamishoni miaka ipatayo 17. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Konstantinopoli, ulioithibitisha imani ile, ulifanyika mwaka 381, miaka 56 baada ya Nikea. Nawaambia haya hasa ninyi viongozi wa vikundi mnaonipigia simu mkiwa mmevunjika moyo kwa sababu darasani wamekuja watu wanne.

Ario alijua pia njia ya kufika mioyoni. Mafundisho yake aliyatungia mashairi, yakawa yanaimbika. Jambo hilo lilitusukuma kufanya kazi ambayo kwangu ndiyo iliyozaa matunda kuliko zote mwaka huu. Jumamosi moja kamati ya mafundisho ilikaa na viongozi wa kwaya, tukachukua maneno ya nyimbo tunazoziimba na kuyasoma bila sauti ya muziki, taratibu, kama mtu anavyosoma hati kabla ya kutia sahihi. Nyingi zilikuwa nzuri kweli. Lakini tulikuta ubeti unaomshukuru Baba kwa kuwambwa msalabani. Tumeuimba kwa miaka, kwa machozi, na hakuna aliyeshtuka. Mwanzoni mwa karne ya 3 Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, alimshutumu mtu aitwaye Praksea kwa kosa hilohilo, akisema amemsulubisha Baba. Kiongozi mmoja wa kwaya aliweka karatasi chini akasema, “Kumbe hata maombi yangu huwa naanza kwa Baba, namalizia na Baba aliyekufa.” Wala hakulaumiwa na mtu. Wengi wetu mle ndani tulijitambua. Ubeti umerekebishwa, na ninawashukuru wanakwaya waliokubali kujifunza upya kitu walichokijua kwa moyo.

Nami nina la kuungama mbele yenu. Kwa miaka mingi nimefundisha Utatu kwa mfano wa maji: yakiganda ni barafu, yakichemka ni mvuke, na yote ni maji. Mwaka huu nikautumia tena. Baada ya somo mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, alinisubiri wengine watoke, akaniuliza: “Mwenyekiti, Bwana alipoomba Gethsemane usiku ule, alikuwa akiongea na nani? Maji yakishakuwa barafu, maji hayapo tena.” Nilikosa jibu, kwa sababu jibu halipo. Mfano ule unafundisha alichofundisha Sabelio, mwalimu wa karne ya 3 ambaye Kanisa lilimkataa: Mungu mmoja anayebadilisha sura kwa zamu. Lakini pale Yordani Mwana yuko majini, Roho anashuka kama hua, na sauti ya Baba inasikika kutoka mbinguni, wote kwa wakati mmoja. Wiki iliyofuata nilisimama darasani nikaufuta mfano wangu. Nawaomba walimu wote mliouchukua kutoka kwangu mwuache, na mama yule nimemwomba aingie kamati ya mafundisho. Amekubali.

Naingia kwenye suala la kuchanganya, ambalo liliulizwa karibu kila kikao. Tunapotaja kuchanganya dini, wengi huwaza mtu anayeiacha njia waziwazi. Maandiko yanatuonyesha kitu kingine. Ndama alipokwisha kutengenezwa, Haruni hakutangaza sikukuu ya mungu mgeni; alisema, “Kesho itakuwa sikukuu kwa BWANA.” Jina lilibaki lilelile. Vivyo hivyo wale wakazi wapya wa Samaria katika 2 Wafalme 17: walimcha Bwana na kuitumikia miungu yao wenyewe, vyote viwili, bila kuona ugumu wowote. Upotovu mara nyingi hauondoi jina la Bwana. Unaweka kitu pembeni yake.

Kitu kinachowekwa pembeni siku hizi, kwa jinsi ninavyosikia katika maombi na ushuhuda wetu wenyewe, ni lile fundisho kwamba ulimwengu husikia unachokitamka na kukurudishia. Mtu anafunga maombi kwa jina la Yesu, lakini anayemtegemea si Baba tena. Ni nguvu isiyo na nafsi, inayolazimika kutii maneno yakisemwa kwa usahihi na kwa kurudiarudia. Baba anaweza kuambiwa “mapenzi yako yatimizwe”, na anaweza kukataa kwa upendo. Nguvu hiyo haiwezi kukupenda wala kukukataza. Na asiyepata alichotamka hubaki akijilaumu kwamba hakutamka vizuri. Nimeketi na watu wa namna hiyo mwaka huu, wagonjwa na waliofiwa, na maumivu yao ndiyo yanayonifanya niseme kwa ukali kidogo.

Hata hivyo sikubaliani na wanachama waliopendekeza kwamba falsafa isitajwe kabisa katika masomo yetu. Paulo alipokuwa Athene alijadiliana na Waepikureo na Wastoiko, makundi mawili ya wanafalsafa, akanukuu hata washairi wao: “Maana sisi sote tu wazao wake.” Yustino, mwalimu Mkristo wa karne ya 2, aliendelea kuvaa vazi la mwanafalsafa baada ya kumwamini Kristo, akafa shahidi. Agostino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, alikaa miaka ipatayo tisa na Wamanikayo, wafuasi wa Mani waliofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazopigana. Alijua wanachosema kwa sababu aliwahi kukisadiki, na ndiyo maana aliweza kuwajibu. Onyo la Wakolosai 2:8 ni kwamba mtu asitufanye mateka kwa falsafa. Anayetekwa kirahisi ni yule asiyejua mpaka wa nchi yake uko wapi.

Hapo nina huzuni moja ya kuwaeleza. Katika darasa la vijana, kijana mmoja aliuliza: kama Mungu ni mmoja, kwa nini tusiseme tu kwamba kila dini inamwita kwa jina lake? Mwalimu alimkatisha, akamwambia maswali ya namna hiyo ni ya shetani. Kijana hakurudi. Nilikwenda kumwona nyumbani, mara mbili. Nilimwambia nisichoweza kukikwepa: sisi tunakiri kwamba Yesu alisulubiwa chini ya Pontio Pilato, akafa, akafufuka siku ya tatu. Jirani yangu wa dini nyingine anakana kwamba alisulubiwa. Kauli hizo mbili haziwezi kuwa kweli pamoja, na nikimwambia jirani kwamba “sote tunasema kitu kimoja”, sijamheshimu. Nimemziba mdomo kwa upole. Namheshimu ninapomsikiliza, ninapomsaidia akiwa na shida, na ninapokubali kwamba tunatofautiana. Kijana alinisikiliza, akaleta maswali mengine matatu magumu kuliko la kwanza. Bado hajarudi darasani, ila tunaendelea kuzungumza. Kwa hiyo kamati imeamua kwamba mwalimu akiulizwa asilolijua atasema hajui, ataliandika swali, na atalileta jibu kipindi kinachofuata. Uamuzi huu umeanza kutumika.

Kwa upande wa fedha, michango imetosha vitabu na nauli za walimu, na hatuna deni. Mkutano wa mwezi wa nne haukufanyika kwa sababu ya msiba wa mwenzetu; familia yake imetuma shukrani.

Mwaka ujao tunapendekeza tuendelee na sehemu ya tatu ya Imani, juu ya Roho Mtakatifu na Kanisa, kwa mwendo uleule wa kinyonga. Tunapendekeza pia usomaji wa nyimbo ufanyike mara mbili kwa mwaka, na safari hii maombi yetu ya kuandikwa nayo yasomwe. Nafasi mbili za walimu wa vijana ziko wazi. Fomu anazo katibu, na atakayejaza ajue kwamba mtu wa kwanza atakayetumwa kwake ni kijana yule mwenye maswali matatu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti