Utando wako na pembe za punje zake

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeisoma barua yako mara mbili na nimeelewa kinachokuudhi: utando wako wa supakondakta, yaani maada inayopitisha umeme bila ukinzani ikipozwa vya kutosha, unapoteza ukinzani wote ukifika kelvini 91, mchoro unashuka wima kabisa, lakini ukiutumbukiza katika naitrojeni kimiminika na kuuongezea mkondo, unasalimu amri kabla ya kufika ampea moja. Unauliza kama kemia yako imeharibika. Sidhani. Kipimo ulichokiamini ndicho kilichokupoteza, kwa sababu ukinzani hupimwa kwa mkondo mdogo sana, na mkondo mdogo hutosheka na njia moja tu iliyo nzima kutoka ncha hadi ncha, hata kama mipaka mingine yote ya punje, yaani vijifuwele vinavyouunda utando, ni mibovu.

Wengi wamelizwa na jambo hili kabla yako. Wanafizikia Bednorz na Müller walipoitangaza jamii hii ya supakondakta za oksidi ya shaba mwaka 1986, na mwaka uliofuata oksidi ya itriamu, bariamu na shaba ikavuka kelvini 90, ilionekana kwamba nyaya zimeshapatikana. Kumbe vipande vilivyoshindiliwa kutokana na unga na kuchomwa kama kauri vilibeba mamia tu ya ampea kwa sentimita ya mraba, ilhali utando uliooteshwa juu ya fuwele moja ulifika milioni na zaidi. Mwaka 1988, Dimos, Chaudhari, Mannhart na LeGoues walionyesha chanzo: waliotesha utando juu ya fuwele mbili za strontiamu titaneti zilizounganishwa kwa pembe waliyoichagua wenyewe, kisha wakalinganisha mkondo unaopita ndani ya kila punje na ule unaovuka mpaka. Nalipenda sana jaribio hilo, kwa kuwa lina mpaka mmoja tu na halina pa kujifichia.

Pembe ikiwa nyuzi 2 au 3, mpaka hausumbui sana. Baada ya hapo kila nyongeza ya nyuzi 10 hivi huacha takriban sehemu ya kumi ya mkondo uliokuwapo. Ukitaka kuona sababu, tazama mshono wenyewe. Punje mbili zinapokutana kwa mshazari, safu za atomu haziwezi kulingana, hivyo kila baada ya hatua fulani safu moja hukatika na kuacha doa la vurugu. Kwa kuwa hatua ya fuwele hii ni kama nanomita 0.39, pembe ya nyuzi 5 huweka madoa hayo nanomita 4.5 mbalimbali, na nyuzi 10 huyasogeza hadi nanomita 2.2. Jozi za elektroni, ambazo ndizo zinazobeba mkondo bila ukinzani, katika oksidi hizi hushikamana kwa umbali wa nanomita moja au mbili tu, kwa hiyo vichochoro vilivyobaki kati ya doa na doa huwa vimekwisha kuzibika. Katika niobi, ambako jozi hutanda makumi ya nanomita, doa kama hilo lisingehisiwa.

Umenieleza kwamba eksirei ilionyesha tabaka zote zimelala sambamba na kitako, yaani msingi ambao utando umeoteshwa juu yake. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Vigae vyote vinaweza kulala chali sakafuni na bado kila kimoja kikaelekea upande wake. Izungushe sampuli kwenye mhimili uliosimama wima juu ya utando, ukifuatilia eksirei zinazorudishwa na tabaka za atomu zilizoinama: punje zikilingana utapata vilele vinne, nyuzi 90 kati ya kimoja na kingine, na upana wa kila kilele ndio utakaokuambia ukubwa wa mtawanyiko. Vikijitokeza vilele vidogo katikati, kwenye nyuzi 45, basi una punje zilizogeuka kabisa, na hizo ndizo mbaya kuliko zote.

Angalia na hadubini pia. Mimi niliwahi kupoteza wiki sita kwa sababu kipimajoto cha hita kilikuwa kimelegea, utando ukaota katika halijoto ya chini kuliko nilivyodhani, na picha ikajaa vijiti vinavyokatana kwa pembe mraba: punje zilizosimama kwa ubavu.

Kuhusu wazo lako la kuongeza unene wa utando, usianze huko. Utando wa upana wa sentimita moja na unene wa maikromita moja, ukibeba ampea milioni kwa sentimita ya mraba, hukupa ampea 100. Wako unakosa mpangilio, na unene hautaufidia. Watengenezaji wa tepu hushughulikia kitako kwanza: ama huviringisha na kupasha moto nikeli yenye tangsteni hadi punje zake zenyewe zielekee upande mmoja, ama huweka oksidi ya magnesi huku mwali wa ioni ukiipiga kwa mshazari, na nanomita 10 hivi za tabaka hiyo hutosha kuuelekeza utando wote unaofuata. Kalsiamu unayotaja kuichanganya na utando husaidia kwenye mipaka, lakini hupunguza halijoto ya mpito, yaani ile ambayo ukinzani hutoweka, nami ningeiweka mwisho.

Nitumie mchoro wa vilele vya kuizungusha sampuli kabla hujaotesha utando mwingine. Upana wa vilele ukizidi nyuzi 8, utando uache ulivyo, tuanze na kitako.

Wako akupendaye,
Rafiki yako