Nilimnyamazisha mgeni kanisani

Mhariri,

Mimi ni mzee wa kanisa, na nina jambo linaloniuma. Tulipokea familia ya wageni ambao husali kwa sauti, mikono juu, machozi yakiwatiririka. Sisi tumezoea kuinamisha vichwa kimya. Baada ya ibada nilimwendea yule mama nikamwomba apunguze sauti. Jumapili iliyofuata alikaa nyuma kabisa, midomo ameifumba. Uso ule haunitoki.

Nimerudi kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu, lenye mitume wenyewe ndani yake, lilikuwa na manung'uniko: wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Walichaguliwa watu 7 wa kusimamia huduma hiyo, na majina yao yote, kuanzia Stefano hadi Nikolao wa Antiokia, ni ya Kiyunani!

Wazee wenzangu, tunadai washirika wasio na doa ilhali wengine wetu hatusalimiani. Nimeshakwenda kumwomba radhi mama yule. Nimemwomba pia atuongoze katika maombi Jumapili ijayo, kwa namna aliyolelewa.

Mzee wa kanisa, msomaji wenu