Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Mwanza: zile mita 60 za ziwa tupeni tukae

Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo.

Mimi mkazi wa Mabatini, nimezaliwa na kukulia hapa hapa Mwanza. Mwezi uliopita Jumapili nilimtoa mama yangu na watoto tukapunge upepo wa ziwa, tukaingia sehemu moja yenye majani mazuri kando ya maji, hata hatujakaa mlinzi kashafika anauliza tunaagiza nini, nikamwambia kaka tunapumzika tu kidogo, akasema hapa ni kwa wateja. Tukatoka tukaenda Kamanga pale karibu na Jiwe la Bismarck, watu wamejaa kweli jua linazama wanapiga picha, na mama yangu miguu inavimba hawezi kusimama, muuza mahindi mmoja ndo akageuza ndoo yake akampa akalie. Mungu ambariki yule dada.

Sasa mkuu, mi naomba kitu kimoja. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 kifungu cha 57 imeshasema ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa hairuhusiwi shughuli ya kudumu wala ya kuharibu mazingira. Yani hilo eneo lipo tayari, halihitaji kutafutwa. Badala ya kuliacha liwe jalala au watu walimege kidogo kidogo kwa ukuta, lifanyeni bustani ya wananchi, majani, miti ya kivuli, njia ya kutembea kwa mguu na mabenchi, basi. Na ziwa lenyewe linataka hivo, manake 2020 lilipanda maji yakaingia kwenye majengo ya watu huku ufukweni, tuliona wote. Majani yakifunikwa na maji yataota tena lakini ukuta ukibomoka ni hasara.

Kuna jambo la choo nalisisitiza sana, msilipuuze. Huku kwetu kichocho tunakijua, mtu mwenye ugonjwa akijisaidia kwenye maji mayai yanatoka yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vikitoka humo vinamuingia mtoto anayechezea maji kupitia ngozi yake. Mkileta watu maelfu ufukweni bila choo mtakuwa mmewaletea ugonjwa. Vyoo viwepo vya kutosha, vikae nyuma ya hizo mita 60, visafishwe kila siku na viwe bure, ukiweka hata mia mbili kuna mtu ataenda vichakani.

Halafu Mto Mirongo. Ule unapita katikati ya mji unabeba chupa, mifuko na maji machafu ya kwetu huku unamwaga ziwani, kwahiyo hata mkipanda maua kilomita nzima mvua moja ikinyesha taka zinarudi pale pale mlipofagia. Sisi wa Mabatini tuna makosa yetu hapo nakubali, ila gari la taka nalo lipite kwa ratiba.

Wafanyabiashara wadogo msiwafukuze nakuomba. Nendeni muone Forodhani kule Zanzibar, bustani ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa tena 2009 na wauza pweza na urojo bado wapo, jioni ndo wanapafanya pachangamke, wageni na wenyeji wote wanakula pamoja. Kwetu kungekuwa na sato wa kuchoma na dagaa wa kukaanga, kina mama wakapangiwa sehemu yao yenye bomba la maji na taa. Na uwekwe uwanja wa udongo tu, sio sementi, ngoma zetu za Kisukuma zipate pa kuchezwa, Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, washindane hapa mjini watoto wetu waone, siyo mpaka usubiri sherehe ya Bulabo kule Kisesa mara moja kwa mwaka.

Sisemi muanze ufukwe wote. Anzeni na kipande cha kutoka Kamanga kuelekea Capri Point, pimeni ile mipaka ya mita 60 hadharani, mkapige vigingi watu wakiona, na ramani ibandikwe ofisi za kata ili kila mtu ajue pa umma ni wapi na pa mtu binafsi ni wapi.

Njoo Jumapili saa kumi na moja jioni pale Kamanga mkuu, bila msafara, usimame na sisi nusu saa tu. Mama yangu nitamleta, safari hii na stuli yake.

Wabeja sana.

Mkazi wa Mabatini